Kundi la Nani

Kila mwaka nikifika kwenye nomino za makundi na darasa la tano, hasira hunipanda kabla sijashika chaki. Watoto hawajui. Wao huliimba somo lote: mtungo wa samaki, mkungu wa ndizi, tita la kuni, bumba la nyuki. Tukifika kwenye kundi la ng'ombe mimi hulisema haraka haraka na kupita. Siku moja msichana wa dawati la nyuma akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, ng'ombe wakiwa kundi wanakuwa wa nani?" Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka. Niliwapa zoezi nikatoka nje nipumue kidogo.

Nafundisha Mtawanya na nakaa Kibiti, lakini kwetu ni Ngorongo, kule bondeni kwenye mpunga. Mama yangu bado analima huko, shamba alilorithi kwa mama yake. Msimu ukifika hakai nyumbani kijijini. Anahamia shambani, kwenye dungu, kijumba cha juu ya nguzo ambacho sisi watu wa Rufiji tunajenga ili maji yakija yapite chini na nguruwe wakija watukute juu. Anapanda ngazi na sufuria zake, mkeka wake na redio yake ndogo, na kijijini humwoni tena mpaka mpunga uvunwe.

Mimi nimekulia kwenye dungu hilo, na enzi hizo neno kundi lilikuwa na maana moja tu. Mpunga ukianza kutia maziwa, ndege wanakuja, wale wadogo wenye midomo myekundu, wengi hata jua linafifia. Wakitua kwako asubuhi na hakuna mtu, jioni unakuta mabua. Kwa hiyo tunaamia, yaani tunashinda shambani tangu alfajiri tukiwafukuza. Mwenye shamba la upande wa mto akiwaona wa kwanza hupaza sauti, "Kundi hilo," na jirani anaipokea, na jirani wa jirani, sauti inapita bonde zima kabla ndege hawajafika. Ukiisikia hufikiri. Unasimama, unavuta kamba za makopo, unatia dongoa la udongo kwenye kombeo, unatazama juu. Hata leo, nimelala Kibiti kwenye godoro langu, mtu akisema kundi dirishani shingo yangu inainuka yenyewe.

Sasa sikiliza kilichompata mama. Ilikuwa asubuhi, mpunga una maziwa, mzuri, mwenyewe anasema tangu azaliwe hajauona vile. Jirani yake, mwanamke mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya mto, akapiga kelele, "Kundi hilo, kundi." Mama akasimama, kombeo mkononi, akatazama juu. Mbingu nyeupe, hakuna hata ndege mmoja. Akageukia upande wa jua, akakinga macho kwa kiganja, hakuna kitu. Akageukia upande wa mto. Bado anatafuta juu, akasikia mabua yanavunjika chini. Alipoinamisha kichwa, ng'ombe walikuwa wameshafika katikati ya shamba.

Alipiga makopo, alipiga kelele, alirusha madongoa. Ng'ombe si ndege. Mmoja mweusi, mwenye mkato kwenye sikio, alikuja mpaka chini ya dungu, akawa anang'oa mpunga huku anamtazama mama usoni. Mama akamlenga kwa kombeo, dongoa likampasukia kwenye paji. Akapepesa macho, akaendelea kutafuna. Mama alinisimulia hilo mara nyingi kuliko yote, yule mweusi na yale macho. Mchungaji alipokuja kuwatoa, kilichobaki kimesimama ni kipande kilichozunguka dungu na ukanda mwembamba kando ya mfereji.

Mimi habari hizi mara ya kwanza sikuzipata kwa mama. Nilizipata kwa dereva wa bodaboda aliyenipakia Ikwiriri. Alinisimulia kama kichekesho, njia nzima anacheka, ati kuna bibi mmoja huko bondeni aliambiwa ng'ombe wanakuja akawatafuta mbinguni. Hakujua amempakia nani. Nilimwambia asimamishe, nikashuka, nikatembea kwa miguu na jua lote lile, maana ningeendelea kukaa nyuma yake ningemng'ata.

Na hapa nieleze jambo moja, ili mtu asidhani tulikuwa tunalilia msimu mmoja wa wali. Kule bondeni ng'ombe wakipita kwako mara moja na mtu hakusema kitu, mara ya pili pameshakuwa njia yao. Msimu unaofuata ukilima, unaulizwa wewe kwa nini umelima njiani. Nimewaona wanawake wa rika la mama wakipoteza mashamba hivyo hivyo, bila kuuza, bila kufukuzwa, bila hata kugombana na mtu. Mama alilijua hilo kuliko mimi. Alisema hashuki kwenye lile dungu na haachi kile kipande kilichobaki mpaka aambiwe ng'ombe wale ni wa nani na huyo mwenyewe aseme hawatarudi. Hakutaka kulipwa, alitaka shamba lake liendelee kuitwa shamba lake.

Nikaenda kwa mtendaji wa kijiji. Kijana mstaarabu, akanipa kiti, akaniamkia. Akauliza ng'ombe ni wa nani. Nikamwambia ndicho nilichokuja kuuliza. Akasema, "Mwalimu, hilo ni kundi la wafugaji. Na wewe ni mtu mmoja. Suala la kundi siwezi kulisikiliza kwa mtu mmoja, itaonekana ni ugomvi binafsi. Njooni mkiwa kikundi."

Haya, nikakusanya kikundi. Wanawake wote ambao mashamba yao yameguswa, na wengine ambao hayajaguswa ila wameudhika. Tulivaa kanga zetu safi tukaenda, hatukubeba hata jembe. Mtendaji akatoka barazani, akasimama mlangoni, safari hii hakuna kiti. "Mbona mmekuja kundi?" akauliza. Nilidhani anatania. Akasogea karibu yangu, akashusha sauti. "Mwalimu, wewe umesoma. Watu wakija kundi huku kwetu, unajua linavyotafsiriwa."

Najua. Nani wa Kibiti asiyejua? Ilipita miaka mibaya huku kwetu, jua likizama kila mtu ndani, na neno kundi lilisemwa kwa kunong'ona, kwa kuangalia nyuma kwanza. Wapo watu waliolala hawakuamka salama, na wapo waliochukuliwa ambao mpaka leo mama zao wanaangalia njia. Sitaki kuyaeleza zaidi ya hapo. Ila nilimwona yule kijana akilitoa neno lile la misiba yetu na kulitumia kuwatisha wanawake waliokuja kuulizia mpunga.

Nikamwambia, "Juzi nilikuja mmoja, ukasema ni mdogo. Leo tumekuja wengi, tumekuwa hatari. Hebu tuambie tuje wangapi, mtendaji." Wanawake wakaguna. Yeye akatazama simu yake. Mwisho akasema tusiwe na wasiwasi, mama atafikiriwa kwenye makundi maalumu, kwa sababu ya umri. Ati kuna mgeni wa serikali anakuja wiki hiyo, wazee watawekewa viti mbele, watapewa na kanga. Nilimpelekea mama ujumbe huo hivyo hivyo ulivyo. Mama alikuwa anachambua mchicha juu ya dungu, hata hakuinua kichwa. "Mimi sina kundi," akasema. "Mimi nina shamba."

Jamani, mimi nilianza kuchoka na lile neno. Ng'ombe ni kundi, kwa hiyo hawana mwenyewe. Wafugaji ni kundi, kwa hiyo hakuna wa kumwita. Sisi tukiwa kundi ni fujo, tukiwa kikundi ni mradi, na mama akiwa peke yake anatiwa kwenye kundi maalumu akapigwe picha. Neno moja, na kila mara linapotumika kuna mtu linamficha na kuna mtu linamfuta.

Aliyekuwa na hasira kunishinda ni kaka yangu. Huyu ni mkubwa wangu, ana duka la spea za pikipiki pale Kibiti, mtu wa kujitoa, msiba wowote utamkuta yeye ndiye anayeshughulikia maturubai. Kwenye grupu letu la familia alituma picha za shamba nilizopiga mimi, akaandika chini yake, akiwasema wafugaji, "Hili kundi la watu wa bara litatumaliza." Binamu walio Dar wakajaza maneno ya kulaani. Kila siku kaka aliandika jipya. Kilichonishangaza kidogo ni kwamba hakuwa anakwenda shambani. Alikuwa akimpigia mama simu na kumwambia neno lile lile: "Mama, achana na bonde, njoo Kibiti, chumba kipo, feni ipo. Shamba hilo limeshakwisha." Mama anamjibu, "Limekwisha kwako." Nilimpenda kaka kwa uchungu aliokuwa nao. Hilo nalisema wazi.

Kwa kuwa mama alikataa kushuka, na kwa kuwa wale wanawake hawakuacha kwenda kukaa barazani kwa mtendaji, mmoja mmoja sasa, anatoka huyu anaingia huyu ili wasiitwe kundi, mtendaji akashindwa. Akasema kikao kitafanyika kule kule shambani na mchungaji ataitwa. Nikamwambia kaka safari hii lazima aje, mwanamume wa familia aonekane. Alitoa udhuru wa mzigo unaotoka Dar. Nikamwambia mzigo hauozi. Akaja, kimya, miwani ya jua usoni.

Mchungaji alikuja na ng'ombe wake, maana hakuwa na mtu wa kumwachia. Mimi nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Nilikuta mtu mzima, ndevu zina mvi, viatu vya matairi vimekatika kisigino, amevua kofia kabla hajafika. Akaamkia wakubwa wote. Alipomwona kaka, uso ulimkunjuka, akainua fimbo kumsalimu. Kaka akageuza shingo upande wa mto. Nikadhani ni dharau, na nikaona sawa.

Mtendaji akafungua kikao. Akasema tumekutana kuzungumza baina ya kundi la wakulima na kundi la wafugaji, na kwamba kila kundi livumilie kundi lingine. Kaka akadakia, sauti juu, kwamba kundi hili liondoke bondeni leo leo, kwamba watu hawa hawana utu. Yule mchungaji akamtazama kaka kwa mshangao, mdomo wazi, kama mtu aliyesikia vibaya.

Mama alikuwa amekaa kwenye kipandio cha chini cha ngazi ya dungu. Akanyoosha mkono, na watu wakanyamaza, maana ni mkubwa wetu sote pale.

"Mwanangu," akamwambia mchungaji, "ng'ombe hawa wako?"

"Hapana, mama. Mimi nachunga. Wangu ni yule mwekundu na ndama wake, basi."

"Na hawa wengine wa nani?"

Mtendaji akasema, "Mama, hilo ni kundi la—"

"Sijakuuliza wewe, mwanangu. Kundi halijanilia mpunga. Walionilia ni ng'ombe, na ng'ombe ana mwenyewe." Akamgeukia tena mchungaji. "Nionyeshe mmoja mmoja."

Yule mtu akaonekana kuona nafuu. Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza. Akaanza kuonyesha kwa fimbo, taratibu, kama mimi nikisomesha ubaoni. Wale weupe wa mzee mwenye mashine ya kukoboa, Ikwiriri. Yule mwenye nundu kubwa wa fundi seremala, huyo huyo aliyetutengenezea madawati ya shule. Wale wa kahawia wa mama mmoja muuza vitenge. Watu wetu. Watu tunaosali nao, tunaozikana nao. Wanunua ng'ombe, wanawakabidhi kwa mtu wa kuchunga, wanarudi dukani, na wakisikia shamba limeliwa wanatikisa kichwa pamoja na sisi na kuwalaani watu wa bara.

"Na wale weusi?" mama akauliza. "Yule mwenye mkato kwenye sikio?"

"Wale wa bosi wa spea wa Kibiti."

"Bosi yupi?"

Mchungaji akacheka kidogo, cheko la mtu anayedhani anataniwa. "Si huyu hapa, mama. Bosi mwenyewe si amekuja? Mimi nilipomwona nikajua amekuja kunisemea."

Nilimtazama kaka. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. "Mimi niliweka tu kwenye kundi," akasema. "Sikujua wanalisha wapi. Mtu ukishaweka kwenye kundi, hujui tena."

Nimesikia maneno mengi maishani, na mengine yalikuwa mabaya zaidi, lakini hakuna lililoniingia kama lile. Zile picha alizorusha kwenye grupu. Ile feni. Lile "shamba limeshakwisha." Nilimsogelea mpaka puani nikamwambia, mbele ya watu, kwamba hana haya, na kwamba siku zote zile alipokuwa akimwambia mama aondoke bondeni alikuwa anawaondolea ng'ombe wake kizuizi. Akasema hakujua. Nikamuuliza, kama hukujua, mbona ulimgeuzia shingo aliyekusalimu?

Mchungaji alikuwa bado anaendelea na kazi aliyopewa. "Na wale watatu pale kwenye kichaka, wale wa—" Mtendaji akamkata, "Inatosha, inatosha, tumeshaelewana," akakunja karatasi zake na kutazama saa. Sijui wale watatu walikuwa wa nani. Ila nina macho, na nimewafundisha watoto wengi wasiojua kudanganya vizuri.

Mama hakugomba. Hilo ndilo lililomkata kaka. Angemtukana, angepata pa kuanzia kuomba radhi. Alisimama, akajikung'uta majani kwenye kanga, akasema mbele ya wote, kwa jina lake na la mama yake aliyefyeka pori lile, kwamba hili ni shamba lake, na ng'ombe wa mwanawe wasikanyage tena. Akalitaja jina la kaka kamili, lile aliloitiwa adhana sikioni siku ya kuzaliwa. Halafu akamgeukia mchungaji akamwambia, "Na wewe pole, mwanangu, wamekuweka mbele." Akapanda ngazi.

Ng'ombe wa kaka waliondoka bondeni. Wale wengine nao wenyewe waliwahamisha, kwa aibu zaidi kuliko kwa sheria, kwa sababu sasa majina yalikuwa yameshatoka mdomoni mwa mtu na bonde zima linayajua. Wanawake wakakubaliana kwamba kuanzia hapo mtu haiti tu kundi. Akiona ndege anaita "juu", akiona ng'ombe anaita "chini", halafu anataja ni wa fulani. Mama aliuamia ule mpunga wake kidogo siku zote zilizobaki, kipande kilichozunguka dungu na ule ukanda wa mfereji, kana kwamba ni shamba zima. Kaka alikuja mara mbili na gunia la mchele wa dukani. Mara zote mbili lilirudi Kibiti juu ya bodaboda ile ile iliyolileta.

Alipovuna alituita wote, wanawe na wajukuu, kula mpunga mpya kama desturi yake. Nilidhani kaka hatakuja. Alikuja. Tulikaa kwenye mkeka chini ya dungu, mabua makavu yametuzunguka, wali wa nazi na perege wa mtoni. Mama akapakua mwenyewe. Mimi bado nilikuwa sijasema na kaka, nilikaa nimempa bega. Sahani ya kaka mama aliijaza kuliko zote, akakandamiza kwa mwiko, akaongeza, akamwekea mbele kwa mikono miwili. Kaka akabaki ameinama, mkono uko hewani, hajui aanze au asubiri.

"Kula, mwanangu," mama akamwambia, sauti ile ile aliyokuwa akitulishia uji utotoni. "Wenzio walishatangulia kula."